Kulala kwenye nyumba ya kale Bagamoyo: chagua chumba kwanza, hoteli baadaye

Ukitaja hoteli ya kifahari ndani ya jengo la kale, wengi hukimbilia Unguja. Si kosa lao. Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, una hoteli za namna hiyo kila upitapo: Serena imekaa kwenye jengo la zamani la simu, na Park Hyatt iliingia jengo la kale la Mambo Msiige mwaka 2015. Bagamoyo haiko hivyo. Nyumba za kale zipo nyingi, zilizogeuzwa hoteli ni chache, na hizo chache ni ndogo, zenye vyumba vya kuhesabika. Hakuna bawabu mwenye kofia. Unacholipia ni ukuta mnene, dari ndefu, upepo wa bahari na utulivu wa mji ambao makontena hayajaufikia.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa kutazama nyota za hoteli hausaidii sana hapa. Ndani ya nyumba moja ya kale, chumba kimoja kinaweza kuwa pepo na cha jirani yake tanuri. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kupata kile cha kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha nyumba ni ya kale kweli

Hoteli nyingi za Bagamoyo, hasa zilizo ufukweni nje kidogo ya mji, ni majengo ya juzi: tofali za saruji, paa la makuti, na mlango wa nakshi uliochongwa kwa oda. Zipo nzuri sana. Ila kama unalipia ukale, usiuziwe mlango peke yake.

Tazama picha za madirisha kabla ya kutazama kitanda. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huwa na unene wa nusu mita, pengine zaidi, kwa hiyo dirisha linazama ndani na kizingiti chake cha chini mtu anaweza kukikalia. Kisha pima upana wa chumba kwa macho. Dari za nyumba za Waswahili, Waarabu na Wahindi zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali. Ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu, ila ni virefu. Ukionyeshwa ukumbi mpana wa mraba wenye boriti juu, inawezekana hizo boriti ni pambo tu. Majengo ya Wajerumani ni habari nyingine, kwani wao mara nyingi walitumia mihimili ya chuma.

Pa kuanzia kutafuta ni Mtaa wa India na vichochoro vinavyoshuka kutoka hapo kwenda baharini. Huko ndiko wafanyabiashara walikojenga nyumba za duka chini na makazi juu, baraza mbele. Jengo la posta ya zamani limewahi kugeuzwa hoteli, na Firefly ilifungua milango ndani ya nyumba ya kale ya Mtaa wa India. Biashara za namna hii hubadilisha mikono na hata kufungwa kwa matengenezo, kwa hiyo piga simu mwenyewe. Usitegemee picha za mtandaoni ambazo hujui zilipigwa lini.

Kuna jambo la kisheria linalomgusa mgeni kuliko anavyodhani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ngome Kongwe ya Bagamoyo, ya mwaka 1860 hivi, inaingia humo. Forodha ya Wajerumani ya 1895 na Boma la 1897 ni za baadaye, na majengo ya umri huo hulindwa kwa kutangazwa rasmi. Kwako wewe maana yake ni hii: mwenye hoteli ndani ya jengo linalolindwa hawezi kubomoa ukuta au kutoboa dari kwa kuamka tu asubuhi, lazima apate kibali cha watu wa malikale. Basi ukiambiwa hakuna lifti, au bafu limebanwa kwenye kona, usidhani ni ubahili.

Hatua ya 2: Pangilia msimu

Masika, Machi hadi Mei, bei hulegea na nyumba huwa tupu, lakini kuta za chokaa hunywa maji na chumba hunuka unyevu. Kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, ndio wakati mtamu: hewa kavu kiasi, usiku wa kujifunika shuka. Kaskazi huanza Desemba, jua kali na upepo wa kutoka baharini, hapo ndipo uelekeo wa chumba chako unapoamua kila kitu. Wikiendi ndefu na sikukuu watu wa Dar hujaa. Na tamasha la sanaa linaloandaliwa na TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, linapokaribia, weka nafasi yako mapema au kaa mbali. Mwezi wa Ramadhani uliza habari ya chakula cha mchana, kwa sababu migahawa mingi ya mjini hufungwa hadi magharibi.

Hatua ya 3: Uliza haya kabla ya kutuma hela

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Swali la kwanza ni uelekeo. Bahari ya Bagamoyo iko mashariki. Chumba kinachotazama baharini hupigwa na jua asubuhi, mchana kinaachwa, na jioni kimepoa. Chumba cha upande wa bara hupokea jua la alasiri, na ukuta wa matumbawe wa nusu mita hauliachii joto hilo mara moja: hulibeba kwa saa nyingi, halafu hulitoa ndani polepole wakati wewe umeshalala. Saa tano usiku weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi wa nyumba kama hiyo, utaukuta bado una uvuguvugu. Feni haishindani na hilo. Ukuta uleule, ukiwa upande wa mashariki, ndio unaokupa ubaridi mchana kutwa bila kulipia umeme.

Lakini baharini kuna soko la samaki, karibu na forodha ya zamani. Mnada, kelele za madalali, moshi wa mafuta ya kukaangia. Wapo wanaopenda (mimi ni mmoja wao), ila kama umekuja kulala hadi saa tatu asubuhi, omba chumba cha mashariki kilichopo mbali na soko. Adhana ya alfajiri utaisikia popote ulipo mjini. Huo ni mji wa watu.

Swali la pili ni ghorofa. Juu kuna upepo, mandhari na mbu wachache. Chini kuna unyevu unaopanda kutoka ardhini, na popote palipopigwa plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa utaona rangi imevimba na kubanduka. Chokaa inapumua, saruji inaziba. Maji yakikosa pa kutokea hutafuta njia kwenye rangi. Pamoja na hayo, ukisafiri na mzee mwenye magoti mabovu, chukua chini na uombe chumba kisicho na ukuta wa bafu nyuma ya kitanda. Ngazi za nyumba hizi ni kali, vidato vyake havilingani, na mara nyingi kishikio ni kamba au hakipo.

Wenye watoto, ulizeni habari ya madirisha na vibaraza vya juu. Hili lina historia yake hapahapa: usiku wa Desemba 4, 1889, Wajerumani walimwandalia karamu Bagamoyo Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Equatoria kusini mwa Sudan, baada ya yeye kufika pwani pamoja na mvumbuzi Henry Stanley. Emin, ambaye macho yake yalikuwa hafifu, alipita kwenye dirisha akidhani ni mlango wa kibarazani, akaanguka hadi mtaani. Alinusurika akiwa na majeraha makubwa ya kichwa. Madirisha marefu yanayoanzia karibu na sakafu bado yapo, na si kila moja lina vyuma.

Yaliyobaki yapitie haraka: chumba kina choo na bafu ndani, au ni cha kuchangia? Maji ya moto yanatokana na nini, na yanafika ghorofani kwa presha? Umeme ukikatika kuna jenereta, na inawasha vyumbani au mapokezi tu? Intaneti inashika chumbani? Kuta hizo huua mawimbi. Kama ruta iko chini uani, juu utakuwa unafanyia kazi kwenye ngazi.

Usipige simu ukauliza kila kitu kwa mkupuo, utajibiwa "vipo vyote" na ndio mwisho. Tuma ujumbe, ili majibu yabaki kwenye maandishi. Kwa mfano:

"Habari za leo dada. Naomba chumba cha watu wawili, Ijumaa hadi Jumapili. Ningependa kiwe ghorofa ya juu na madirisha yanayotazama baharini. Naomba unitumie picha ya chumba chenyewe, moja ya dirisha na moja ya bafu, na bei kwa shilingi ikiwa pamoja na kodi na chai ya asubuhi. Mama yangu naye huenda akaja, kuna chumba cha chini kikavu? Asante sana."

Picha ya dirisha na ya bafu zikija, umeshajua mengi. Zikigoma kuja, pia umeshajua.

Hatua ya 4: Bei

Uliza mambo mawili: bei ni ya chumba au ya kichwa, na VAT imo au haimo. Hoteli nyingi zina bei ya wakazi iliyo chini ya ile ya watalii, lakini hawaitangazi. Itaje wewe, na uwe na kitambulisho cha NIDA mkononi. Ukitajiwa dola, omba shilingi bila aibu. Kanuni za mwaka 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zimekataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni.

Punguzo hupatikana zaidi Jumapili hadi Alhamisi. Wala usibembeleze hela peke yake: mara nyingi ni rahisi zaidi kupewa chumba bora kwa bei ileile kuliko kupunguziwa elfu ishirini, na kama umefuata hatua ya tatu unajua kipi cha kuomba. Tanguliza kiasi, si chote, na tuma kwenye namba ya biashara yenye jina la hoteli badala ya namba ya mtu.

Hatua ya 5: Kufika

Kutoka Dar ni kama kilomita 65. Magari ya Bagamoyo hupakia stendi ya Makumbusho. Mkitoka Tanga, Moshi au Arusha hakuna haja ya kwenda Dar na kurudi: shukeni Msata, mchukue gari la Bagamoyo kwa barabara ya lami ya kilomita 64. Stendi hadi mitaa ya zamani ni bajaji au bodaboda, patana kabla ya kupanda. Kama una gari lako, uliza maegesho. Vichochoro havikujengwa kwa ajili ya Land Cruiser.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kufungua begi

Ukifika, msalimie mlinzi vizuri. Mara nyingi ni mzee wa mji, shikamoo yake ina thamani kuliko bahashishi, na yeye ndiye anayejua chumba kipi kinavuja. Kisha ingia chumbani na mhudumu, begi libaki mlangoni.

Anzia juu. Boriti za mikoko zikiwa nzima huwa ngumu na za rangi ya kahawia iliyokolea. Unga laini wa njano juu ya shuka au kando ya ukuta ni dalili kuwa kuna wadudu wanatafuna mbao. Njia za udongo zinazopanda ukutani ni mchwa. Doa la maji kwenye dari siku za kiangazi ni la mvua iliyopita. Kwenye masika ni la usiku wa leo. Boriti iliyopinda kidogo ni uzee wa kawaida, lakini ufa mpana kwenye ukuta, wa kuingiza kidole, au kibaraza kinachotikisika ukikanyaga, usikivumilie. Nyumba ya Beit al-Ajaib kule Unguja, ya mwaka 1883, ilibomoka sehemu yake Desemba 25, 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na watu wakafa. Omba chumba kingine.

Halafu pitisha kiganja kwenye ukuta nyuma ya kitanda. Ukibaki na unga mweupe wenye chumvi, hapo kuna unyevu. Godoro lisigusane na ukuta huo. Nusa kabati. Fungua madirisha yote mawili yanayokabiliana na usubiri kidogo: kama pazia linacheza, usiku utalala.

Kitanda cha samadari ni kizuri kwa picha, na kwa urefu wake mtu mfupi hupanda kwa kijingazi. Tazama chandarua chake, hasa pembeni na pale kinapofungwa juu, kwa kuwa ni kikubwa na matundu hujificha kwenye mikunjo. Usikidharau kwa sababu kuna kiyoyozi; malaria ya pwani hii haina utani, na Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi lake Bagamoyo linaloitafiti.

Mwisho jaribu umeme. Chomeka simu kwenye kila soketi. Nyaya za nyumba za kale hupitishwa nje ya ukuta ndani ya mabomba, soketi ni chache, na pasi pamoja na birika kwenye kiunganishi kimoja ni njia ya kuzima ghorofa nzima. Fungua bomba la maji, acha yatoke kwa dakika mbili, kwa kuwa maji ya moto ya tangi la juu huchelewa.

Kama kuna kasoro, sema hapohapo, kwa upole: "Dada, chumba ni kizuri, ila huu ukuta una maji. Naomba tuangalie kingine." Ukishafungua begi na kuoga, umekikubali.

Hatua ya 7: Ishi na nyumba inavyotaka

Mchana funga mabao ya madirisha yanayopigwa na jua, acha yale ya kivulini wazi. Jioni fungua yote. Kiyoyozi kitumie saa moja kabla ya kulala, kisha zima na uwashe feni. Chumba kikigandishwa usiku kucha, asubuhi ukifungua dirisha hewa ya bahari yenye maji inakutana na ukuta wa baridi na ukuta unatoka jasho. Wiki chache za hivyo zinaleta kuvu, na mgeni ajaye ndiye analalamika.

Usipige msumari, usibandike chochote kwa gundi, usiegemeze baiskeli kwenye mlango wa nakshi. Nguo mbichi zianike uani. Mshumaa na udi viwekwe kwenye sahani, mbali na chandarua. Popo wakisikika juu usiku, ni wapangaji wa kudumu; funga mlango wa dari, lala.

Sauti nayo. Sakafu za mbao hupeleka kila kishindo kwa jirani wa chini, kwa hiyo vua viatu. Ni adabu ya nyumba za pwani tangu zamani, na hoteli haibadilishi hilo.

Nje ya geti vaa kistaarabu. Nguo za kuogelea zifunikwe kanga ukishatoka mchangani. Milango mizuri unayotaka kuipiga picha ni milango ya watu. Piga hodi, omba. Mwenye nyumba akiwa barazani, salimia na ukae kidogo, na pengine utaonyeshwa mambo ambayo hakuna hoteli inayo. Usiku, hata kama umbali ni mfupi, usirudi kwa kupitia ufukweni, ita bajaji.

Hatua ya 8: Tembea ukiwa umeshaijua nyumba yako

Ukishalala kwenye chokaa na boriti, mji unausoma tofauti. Nenda Ngome Kongwe ulinganishe kuta. Pita Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, ambako mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi, ulilazwa mwaka 1874 baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Makumbusho yake yanataka muda wa saa mbili nzima. Kaole, kusini kwa takribani kilomita tano, yapo magofu ya msikiti na makaburi ya matumbawe ambayo yanaonyesha kilichokuwapo karne nyingi kabla ya Mjerumani. Nenda asubuhi, hakuna kivuli cha kutosha. Kwenye vituo vya serikali utapewa kumbukumbu namba ya malipo, kwa hiyo uwe na salio kwenye simu, na kiingilio cha Mtanzania kiko chini sana ya cha mgeni.

Kuondoka

Siku moja kabla uliza saa ya kutoka, na kama unaweza kuacha mizigo mapokezi. Asubuhi, kabla ya kukabidhi ufunguo, pitia bili mstari kwa mstari: maji ya chupa na soda za jokofu dogo ndizo hukosewa zaidi. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na uone kama kiasi kilichoandikwa ni kile ulichotoa. Ukiacha maoni mtandaoni, andika namba ya chumba na upande kinaotazama. Atakayekuja baada yako ndicho anachohitaji kujua.